Mama wa Bakteria

Laborantini wetu, mtu wa maabara, hampi mtu mkono. Hata baba mkwe wake alipokuja kutoka Pweto alipewa kiwiko. Anasoma jenomu za bakteria wanaoshinda dawa hapa hospitalini, kisha anachora ukoo wao kama mshenga, huku akiwagombeza kwenye skrini: "Weye tena! Mama yako ni nani?" Kalamu haimtoki sikioni ila tunapoiazima kusaini. Juzi sisi wauguzi tulipangusa kila kitu wodini, hata cha kuazima, kwa pamba za sampuli, tukakipa namba. Leo akatuita. "Bagonjwa batatu, mikrobe yabo ni ya familia moya. Mama yabo iko ku namba saba!" Daktari mkuu akauliza namba saba ni nini. Laborantini akafungua orodha yetu, akasoma. Kisha, kwa vidole viwili, akaitoa kalamu sikioni. Sote tukatazama mikono yetu.