Machozi ya Jicho la Kushoto

Nilipokuwa mtoto sikuwa mmoja, tulikuwa wawili. Dada yangu alitoka kwanza, mimi nikamfuata, na mama hakuishi kutuona tukitambaa. Baba, fundi wa kushona hapa mtaani Kampemba, ambaye wazee wake walitoka Kasongo na Uislamu wao, alituita Rukia na Rehema. Kaku, bibi yetu mzaa mama, Mluba wa Kasai aliyekwenda kanisani kila Jumapili, alituita Mbuyi na Kabanga, kama mapasa, yaani mapacha, wote wa kwao. Tuliitikia majina yote, bila kujua kwamba kuna watu wanaoudhika mtoto akiwa na majina mawili.

Kwenye chuo cha Kurani tulikaa pembeni mwa mkeka, karibu na mlango. Hakuna aliyetufukuza. Wasichana walisogea tu, kidogo kidogo, mpaka tukajikuta tumekaa juu ya sementi.

"Kaku yenu anakulaka nguruwe," mmoja alituambia.

"Sasa weye unamunusaka mudomo kwa nini?" Rukia akamjibu, nami nikacheka. Rukia ndiye aliyekuwa na maneno. Mimi nilikuwa na Rukia, na sementi haikunisumbua.

Kisha jimbo letu la Katanga likajitenga na nchi, na watu wa Kasai, walioitwa wageni, wakaanza kuwindwa mjini. Nyumba ya Kaku ikachomwa. Alikuja kwetu na sufuria moja kichwani. Baba akamtafutia mtandio ajifunike kama wanawake wa msikitini. Shangazi Mariamu, dada yake baba, alisimama mlangoni asitake hata kuketi.

"Kaka, unatuletea moto mu nyumba. Sisi Baislamu tuko bachache hapa. Bakikuya kumutafuta, batatuuliza sisi bote."

Baba aliendelea kukanyaga cherehani. "Iko kaku ya batoto yangu," alisema. "Ataenda wapi?"

Ndipo Rukia akapata surua. Barabara zilikuwa zimefungwa, risasi zikisikika upande wa hospitali, na kila baba alipotoka naye mgongoni alirudi naye vilevile. Alifariki asubuhi, Kaku akiwa anamkorogea uji.

Kabla wanawake wa msikitini hawajafika kumwosha, Kaku alinivuta nyuma ya jiko, akanipaka udongo mweupe kwenye paji la uso, kama wafanyavyo kwao kwa pacha aliyebaki. Macho yake yalikuwa makavu.

"Kabanga, sikia. Mupasa hakufaka. Anarudia tu kwabo. Usimulilie. Ukimulilia, atazani unamuita, atakuya kukukamata mukono muende naye."

"Hata kidogo, Kaku?"

"Hata kidogo."

Shangazi aliponiona tu aliufuta ule udongo kwa kitambaa kibichi, bila kuuliza ni wa nini.

Ndani kulinuka kafuri. Wanawake walilia kimya kimya, kama dini inavyoruhusu. Wasichana wa chuo walikuwepo pia, kando ya mama zao. Yule wa maneno ya nguruwe alisogea, akapiga mkeka kwa kiganja.

"Rehema, kuya hapa."

Ilikuwa katikati ya mkeka. Akanishika mkono, wake ukiwa umelowa machozi. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka kulia saa ile, na haikuwa kwa ajili ya Rukia peke yake. Nilitaka mahali pale, joto lile la mabega pande zote mbili. Nilichotakiwa ni kujiachia tu. Lakini kwenye mlango wa chumba cha nyuma nilimwona Kaku, amejifunika mtandio ambao si wake, ananitazama. Nikauma ulimi.

"Lia, mutoto," shangazi alininong'oneza. "Ni dada yako." Nilipobaki vile vile, akapaza sauti. "Muangalie huyu! Macho kavu kama jiwe. Kweli, damu ya kwabo."

Yule msichana akauachia mkono wangu. Akasogea, na wenzake wakasogea, nikabaki peke yangu katikati ya mkeka.

Haukupita muda, surua ikanishika na mimi. Shangazi alisema Mungu ameuadhibu moyo mgumu. Hilo niliweza kulibeba. Nililoshindwa kubeba ni Kaku kuinama juu ya kitanda changu.

"Ulilia?"

"Hapana, Kaku."

"Kabanga. Ulilia?"

Hakuniamini. Kabla sijaweza kusimama, alikimbilia kambi ya wakimbizi, na baadaye garimoshi likampeleka Kasai. Sikumwona tena. Aliondoka akiamini kwamba nilimwita Rukia.

Lakini sikufa. Surua ilififisha macho yote mawili, ikaniachia utando mweupe kwenye jicho la kushoto, na tangu hapo jicho hilo linachuruzika lenyewe, asubuhi na jioni. Shule ilipofunguliwa tena sikuweza kusoma ubaoni, baba akanirudisha nyumbani. Haya nayaandika nikiwa na miaka kumi na saba, nimeinamia karatasi kama mtu anayeinusa. Muuguzi mmoja alinieleza kwamba watoto wanaolalia mto mmoja huambukizana surua. Namwamini. Ila muuguzi siye niliyetaka aniamini mimi.

Siku hizi, kukiwa na msiba, wanawake wa msikitini huliona jicho langu likilowa na kusema, "Rehema iko na moyo laini." Hunipisha mbele kwenye mkeka. Shangazi mwenyewe hunipangusa shavu kwa upindo wa kitenge chake. Nimeketi pale pale nilipopataka, mabega ya watu yamenibana pande zote mbili, nami sijawaambia kitu. Machozi yaliyonipa mahali pale si yangu. Yaliyo yangu bado nimeyazuia, na Kaku hajui.