Mtungi wa Siki na Amri ya Jaji

Mama yangu aliwahi kuishtaki baa. Kesi tulishindwa, nasema mapema ili usikae ukisubiri.

Hakuishtaki peke yake. Wanawake wa mtaa wetu, hapa Amu, au Lamu kama wageni wanavyoiita, walikuwa nyuma yake, na wakili mmoja alijitolea kuwasimamia bure. Wengine walisema wanaitetea dini, wengine mji na heshima yake. Mama alikuwa anataka mwanawe arudi nyumbani jioni, basi. Kama ni kuombewa, kaka yangu alikuwa ameshaombewa mpaka majirani wakawa wanaitikia amina kabla dua haijaanza.

Kaka ni fundi wa injini za boti, na injini ikimshinda yeye, itupe. Hakuwa mlevi wa fujo. Laiti angekuwa wa fujo, ningepata pa kumkasirikia. Alikunywa pale baani mpaka inafungwa, halafu akalala popote usingizi ulipomkuta, mara nyingi kwenye daka la mtu, pale kwenye viti vya mawe mlangoni, akiwa amevua viatu na kuvipanga vizuri. Wanaokwenda sala ya alfajiri walimpita wakimtolea salamu. Baadaye mama alijifunga buibui akaenda kumchukua, mchana kweupe, mji mzima ukitazama pembeni kwa adabu.

Ramadhani hakugusa tone. Alifunga, akasali tarawehe safu ya mbele. Ila mwezi wa Idi ulipotafutwa, wa kwanza kupanda darini alikuwa yeye, na macho yake siku hiyo yalikuwa makali ajabu.

Mama alianza kwa kadhi. Kadhi alimsikiliza kwa upole, kisha akamweleza kwamba Katiba imempa ndoa, talaka na mirathi, na pombe haimo. Mama akamwambia pombe imo katika yote matatu. Kadhi akakubali kuwa ni kweli, akamwagizia kahawa, na mambo yakaishia hapo.

Ndipo wakaenda kwa jaji. Wakili wetu alisema Katiba inalinda dini na utamaduni wa watu, na mji huu ni wa Kiislamu tangu mawe yake ya kwanza. Wakili wa mwenye baa akasema Katiba hiyohiyo inamlinda mtu na biashara yake, na pia inamlinda asiye Mwislamu anayetaka kunywa chupa yake akalala. Mimi nilikaa nyuma nikaona wote wawili wanasema kweli, jambo lililoniudhi sana. Nilimwambia mama kwamba jaji anaweza kufunga mlango wa baa, lakini mlango wa koo la mtu hana ufunguo wake. Mama akaniambia nikitaka kuhubiri nipande mimbari.

Jaji akatoa amri ya muda: baa ifungwe mpaka kesi isikilizwe. Na wallahi, kaka akaanza kurudi nyumbani. Magharibi ikiingia, yumo ndani. Alikula nasi, akatengeneza pampu ya maji iliyokuwa imetushinda, akakaa uani kwenye kona yake akisikiliza redio. Mama, ambaye hata siku moja hakuwahi kuifungua Katiba, akawa anaitaja baada ya sala, pale wanapotajwa wazazi waliotangulia. Nami nikameza maneno yangu. Nilifurahi, sitaki kudanganya. Nilikuwa nimesahau kwamba kaka anachekesha.

Sasa lazima niseme habari ya siki. Achari ya mama ya ndimu na maembe inajulikana mpaka Pate. Harusi haijakamilika mpaka imefika. Na siki yake si ya dukani. Mgema humletea tembo la mnazi asubuhi, lingali tamu kama maji ya dafu, naye hulimimina kwenye mtungi, akaufunga kitambaa, akauweka kwenye kona ya uani palipo na joto. Hapo linaachwa. Linaingia tamu na linatoka siki, na katikati ya safari yake linapita mahali ambapo sisi hatupaulizi. Masheikh wanasema likigeuka lenyewe, bila kutiwa kitu, ni halali. Kwa hiyo mama haufungui mtungi. Haonji, hachunguzi, hausogezi. Bibi yake alifanya hivyo, na mama wa bibi yake. Nyumba nzima inajua kwamba ule mtungi hautazamwi mpaka siku yake.

Na kona ya mtungi ndiyo kona ya kaka.

Hatukuona. Mwanamke aliyesimama mbele ya jaji kudai mji usiwe na pombe alikuwa na mtungi mzima wa pombe uani, na isingempitikia hata kwa ndoto kuiita hivyo. Kwake ile ilikuwa siki ambayo haijafika.

Achari ya Idi ikaota ukungu. Jambo hilo halijawahi kutokea nyumbani kwetu. Jirani mmoja alirudisha bakuli la achari akisema watoto hawakuimaliza, na mama akaelewa maana yake. Alikwenda kwenye mtungi, akachovya kidole, akalamba. Maji. Kaka alikuwa akipunguza kisha anajazia kutoka kwenye birika la kutawadhia, ili kimo kisishuke.

Nilidhani atalia. Alikasirikia maji kwanza. Alisema basi na siki yenyewe si halali tena, imetiwa kitu. Aliosha mtungi mara mbili, akaukausha juani. Halafu akanituma kwa mgema nikamwambie alete tembo jingine.

Hapo nilipandisha mori. Nilimuuliza kama amerukwa na akili, nikamwambia mambo ambayo binti hamwambii mamake. Aliningoja nimalize. Akasema kaka akikosa hapa atavuka kwenda Mokowe, bara, na huko amri ya jaji haifiki, na siku moja akirudi usiku atatumbukia kati ya boti na gati. Hapa angalau namsikia akikohoa, alisema. Akaniagiza nisimwambie kaka kitu. Nikaenda kwa mgema. Nilikwenda nikilia kwa hasira, na bado nikakumbuka kumwambia liwe la asubuhi.

Kesi ikafika siku ya kusikilizwa. Wakili wa mwenye baa aliomba kumhoji mama. Kabla ya hapo karani akaleta Msahafu. Sasa, watu wetu wanauogopa Msahafu wa kiapo kuliko jela. Nawajua watu wenye haki yao mkononi waliosema chukueni tu nyumba, sisi hatuapi. Mama alitazama ule Msahafu, akanitazama mimi, akatazama benchi la nyuma alipokaa kaka kwa kanzu safi, maana wakili wetu alitaka jaji amwone alivyopona. Akaweka mkono, akaapa.

Yule wakili alikuwa kijana mwenye adabu, akimwita Bi kila mara. Alimuuliza kama ni kweli baa ilikuwa imemchukua mwanawe. Mama akasema ni kweli. Akamuuliza kama tangu ifungwe mwanawe ameacha kunywa. Wakili wetu akatabasamu. Swali hilo alikuwa analingojea.

"Hakuacha," mama akasema. "Anakunywa yangu."

Jaji akamwomba arudie. Akarudia, na akaeleza habari ya mtungi toka mwanzo, pamoja na maji ya birika. Wanawake wa mtaa wetu walikuwa wanatazama sakafu. Nilitamani kusimama nikamfunike na buibui langu nimtoe pale.

Hukumu ilipotoka haikumtaja mama wala mtungi. Jaji alisema Katiba haiwezi kuwachagulia watu wote sharti la dini moja, na kama baa imekaa pabaya, wenye kutoa leseni ndio wa kuulizwa. Nilipoisoma sikuona pa kubishana nayo. Baa ikafunguliwa. Baadhi ya wale wanawake mpaka leo wanampita mama bila kusimama.

Lakini siku ile ya kiapo tulirudi nyumbani kwa miguu, mama mbele, mimi katikati, kaka nyuma. Mama aliingia jikoni kama kawaida. Alipoleta chakula, kaka alikuwa amekaa mbali na kona yake, bado na kanzu. Alizungumza bila kuinua uso.

"Mama, ungesema tu nimeacha."

"Ningesema, ungeacha?"

Sijawahi kumwona kaka akitafuta neno namna ile, yeye ambaye injini humwambia kila kitu. Mama alisubiri, na alisubiri kwa kweli, mkono umeshika upawa. Kisha akampakulia wali.