Begi la Baba Kwenye Basi la Bi Verna

Bi Verna Stoltz, dereva wa basi la shule hapa kwetu milimani Pennsylvania, ana ulimi wa upupu. Mtoto akiinuka kitini basi likiwa mwendoni, atajuta kuzaliwa. Wanangu wanamwogopa kuliko wanavyoniogopa mimi, na hilo huniudhi kidogo.

Ilikuwa siku ya pili ya msimu wa kuwinda kulungu. Siku ya kwanza shule hufungwa, maana hata walimu huwa porini. Basi lilikuwa likiteremka kilima chenye barafu, mara Callie Brandt wa darasa la pili akainuka.

"We Callie! Kaa chini!"

Hakukaa. Alikuja mbele akishikilia viti, machozi yakimtoka.

"Leo utaliwa mbichi!" watoto wakubwa wa nyuma wakamcheka.

"Masikio hayo ni ya mapambo? Nimesema kaa!"

"Bi Verna, nimechukua begi la baba kimakosa, liko kitini kwangu. Linafanana na langu. Bastola yake imo, na Tate anataka kuitoa."

Kwenye kioo Verna akamwona Tate, mtoto wa miaka kumi, mkono ukiwa kwenye zipu ya begi. Angekanyaga breki, basi lingeserereka hadi bondeni. Hata hivyo sauti hakuipandisha.

"Nyote, mikono kichwani. Na wewe Tate, mwanangu. Atakayeishusha atanitambua."

Mikono ikapanda. Tate naye, baada ya kusita, akaipandisha yake. Verna akaliteremsha basi polepole, kilima kizima, jicho moja barabarani na jingine kiooni. Lilipofika tambarare akasimama, akalichukua begi na kuwapigia polisi simu.

Nyie mnadhani yaliishia hapo? Ofisini mwalimu mkuu, Bwana Pruitt, alikuwa ameshaamua.

"Kanuni iko wazi. Mtoto akikutwa na silaha, hafiki shule mwaka mzima."

Baba Callie alikuwa ameinamisha kichwa.

"Nani amemkuta?" Verna akauliza. "Kaja mwenyewe, mimi namfokea, wenzake wanamcheka, na bado kaja."

"Kanuni haiangalii hayo."

"Haya, mfukuze. Watoto wote wa basi langu wanasubiri kusikia amefanywa nini. Siku nyingine wakiona bunduki watajua la kufanya. Watanyamaza."

Pruitt akakifunga kitabu cha kanuni. Mwishowe akasema Callie aende darasani. Baba mtu ndiye aliyeondoka na polisi, na mimi simhurumii hata chembe. Bastola yenye risasi haining'inizwi msumari mmoja na begi la mtoto.

Callie alikuwa akingoja nje ya mlango.

"Bi Verna, nikisimama tena utanifokea?"

"Nitakufokea."

"Hata kama kuna bunduki?"

Verna akachuchumaa mbele yake.

"Nikifoka, mama, wewe njoo tu."