Tangazo la Koboko Lisilosomwa

Kazi yangu ni kuwasema wakubwa. Kila mchana, siku za kazi, nakaa mbele ya kipaza sauti katika redio moja hapa Arua, Uganda, nasoma habari kwa Kiswahili, kisha nafungua simu. Watu wanapiga kutoka mjini, kutoka Koboko, kutoka Oraba mpakani, na hata kutoka ng'ambo, Kongo na Sudan Kusini. Wengine wana Kiswahili cha sokoni, wengine cha kambini, wengine cha Kongo, na wote tunaelewana. Mimi ndiye ninayewachokoza. Ulimi wangu ni mkali tangu utoto. Marehemu mama alikuwa akisema atakayenioa ahakikishe masikio yake ni ya bati.

Katika habari zote, ninachokichukia zaidi ni mkubwa anayeikimbia lawama. Hata mwizi simchukii hivyo, maana mwizi angalau anajua alichokifanya. Namchukia yule anayesimama mbele ya kamera na kusema kwamba makosa yalifanyika, kana kwamba makosa yana miguu, yalikuja yenyewe ofisini, yakafanyika, yakaenda zake. Namchukia anayesema kama kuna aliyeumia basi tunasikitika, wakati aliyeumia yuko wodini na mguu wake umefungwa plasta. Kama kuna! Nimelisema hili hewani mara nyingi hadi waendesha boda boda wanaponiona njiani wananiiga: "Mama, kama kuna!" Nami hucheka, na kusema kweli nilikuwa naona fahari.

Kiangazi kilichopita tulikuwa na habari ya daraja. Silitaji lilikuwa wapi, na mheshimiwa mwenyewe simtaji, si kwa sababu namwogopa. Daraja lilijengwa, likazinduliwa kwa ngoma, na kabla ya kiangazi hicho mvua za kwanza zikalibeba. Mheshimiwa alipoulizwa akasema waulizwe wahandisi. Wahandisi wakasema aulizwe mkandarasi. Mkandarasi akasema ni mvua. Watu wa Onduparaka, ambao maisha yao ni kandanda, walinipigia simu wakasema hawajawahi kuona timu inayopasiana vizuri namna hiyo.

Siku nilipoizungumzia hewani nilikuwa na moto. Nilisema mheshimiwa hana haja ya wakili wala kamati. Aende kwenye lile daraja, asimame mbele ya watu ambao watoto wao wanavuka kwa kamba, aseme ni mimi. Halafu aachie kiti. Simu zikawaka. Kila nikitaka kufunga, mwingine anaingia na maneno matamu kuliko wa kwanza.

Sasa, lazima nieleze matangazo ya vifo, maana asiye wa huku anaweza kudhani ni jambo dogo. Baada ya kipindi changu, kabla ya taarifa ya habari kutoka Kampala, mimi huyo huyo husoma matangazo ya misiba. Fulani amefariki, wa kijiji fulani; mazishi ni kesho; waarifiwe ndugu walioko mahali fulani, na wajomba walioko mahali fulani. Simu za mkononi zipo, kila mtu anayo, lakini simu inaleta uvumi na redio ndiyo inayoita. Hasa wajomba, watu wa upande wa mama yake marehemu. Wao hawaendi matangani kwa kusikia njiani. Wanataka kutajwa, ukoo wao na mahali pao, watu wote wasikie kwamba wameitwa kwa heshima. Katika nyumba nyingi za huku, marehemu hashuki kaburini kabla wajomba hawajafika.

Asubuhi ya siku ile ya daraja alikuja mwanamke kijana, fundi wa kushona nguo hapa sokoni Arua, ameolewa Koboko. Baba mkwe wake alikuwa amefariki usiku. Kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mjini, mumewe na shemeji zake walimtuma kwa simu alete tangazo. Nilikuwa mlangoni, nikalipokea mwenyewe. Akanikumbusha mara mbili juu ya wajomba, kwamba wako ng'ambo, Kongo, karibu na mpaka, na kwamba redio yetu wanaipata vizuri kuliko simu. Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Nilimpa pole, nikamwambia aende akalie.

Mchana, saa ya matangazo ilipofika, fundi mitambo alinionyesha saa kupitia kioo. Nilimpungia mkono asubiri. Akanionyesha tena. Nilikuwa na mpigaji simu wa Koboko aliyekuwa akimwigiza mheshimiwa sauti, na mimi nacheka hadi machozi. Halafu taarifa ya Kampala ikaingia yenyewe, kama inavyoingia kila siku, na nafasi yangu ikawa imekwisha. Nikajiambia mwenzangu wa jioni atayasoma. Lakini niliyaweka pale tunapoweka yaliyokwisha kusomwa, kwa mazoea ya mkono, nikaenda kula. Mwenzangu hakuyagusa. Angeyagusa kwa nini?

Koboko walingoja wajomba kesho yake hadi jua likalala upande. Mwili hauvumilii kiangazi. Wakazika.

Hayo nilikuwa siyajui. Niliyajua yule mshonaji aliporudi redioni, na safari hii hakuja na majonzi ya msiba usoni, alikuja na woga. Wajomba walikuwa wamefika baadaye, wamekasirika, hawakunywa hata maji. Wakauliza nani alitumwa kuwaita. Akatajwa yeye. Na kwa kuwa tangazo halikusikika, ikasemwa kwamba hakufika redioni, kwamba alibaki kwenye cherehani yake akishona nguo za harusi za watu huku baba mkwe amelala. Wajomba walitaka mwanamke wa namna hiyo arudishwe kwao. Mumewe alikuwa kimya, na kimya cha mume katika kikao kama hicho maana yake tunaijua: amekubali.

"Mama, mimi mwenyewe nilipatia wewe mukononi," aliniambia. "Sema tu kwa redio kama mimi nilileta. Nyumba yangu iko naisha."

Nilimwambia nitasema. Na nilikusudia kusema, Mungu ananiona. Lakini nilipomweleza meneja wetu, alikuna kichwa. Aliniuliza nani ataleta tangazo tena kwenye redio inayosahau wafu. Akaniuliza pia watasema nini juu yangu, mimi wa "ni mimi". Akanikumbusha kwamba Arua umeme ni mtu wa kulaumiwa asiyejibu. Hakunilazimisha. Ningetaka kuandika hapa kwamba alinilazimisha, lakini alitoa wazo tu, na mimi nikalipokea haraka, kama mtu aliyenyeshewa anavyopokea mwavuli.

Kwa hiyo nikasoma hewani, kwa sauti yangu nzuri, kwamba kutokana na kukatika kwa umeme, baadhi ya matangazo hayakusikika siku fulani, likiwemo la Koboko, na kama kuna waliopata usumbufu, tunasikitika. Nilisema hivyo. Kama kuna. Yule fundi mitambo alinitazama kupitia kioo, na mimi nikajifanya natafuta maji ya kunywa.

Usiku nililala vizuri. Hilo ndilo linalonitia aibu hadi leo kuliko uongo wenyewe. Nililala nikidhani nimemsaidia.

Baada ya hapo mshonaji akanipigia simu. Hakupaza sauti. "Mama, wewe umeniua," alisema. Nikamuuliza kwa nini, mbona nimesema umeme. Akanieleza taratibu, kama mtu anayeeleza mtoto. Siku ile wajomba walikuwa wamekwisha kusikia uvumi wa kifo kutoka kwa mchuuzi aliyevuka mpaka kutoka Koboko. Wakavaa, wakafunga mizigo, wakakaa kuzunguka redio wakingoja waitwe. Walinisikiliza kipindi kizima. Walicheka pamoja nasi juu ya daraja. Umeme haukukatika hata dakika moja, na wao ndio mashahidi. Sasa ilikuwa inasemwa kwamba yeye amemhonga mwanamke wa redio amtetee kwa uongo. Vitu vyake vilikuwa vimeshatolewa nje.

Nilikaa na ile simu mkononi. Niliwaona: wazee na akina mama, wamevaa nguo za msiba, mizigo magotini, wanangoja ukoo wao utajwe, na mimi nacheka ndani ya redio yao. Nimeongea miaka yote juu ya watu wanaoumia kwa maneno ya wakubwa, na sikuwahi kuwaona hivyo.

Kesho yake sikwenda kazini. Nilikwenda Koboko. Njia siku hizi ni lami, mtu hana hata nafasi ya kubadili nia. Mshonaji alinipokea kituoni, tukapanda boda hadi kwa watu wa mumewe, nje kidogo ya mji. Mabegi yake yalikuwa kweli ukutani nje, na kicherehani cha mkono alichokuwa amekiacha nyumbani kimewekwa juu yake. Wajomba walikuwa bado wapo. Walikuwa wameapa hawaondoki mpaka neno liishe. Nikapewa kiti. Nikasalimia. Wote walinitambua kwa sauti kabla sijasema mimi ni nani, na kijana mmoja akaanza kutabasamu, halafu akakumbuka mahali alipo.

Nilikuwa nimeandaa maneno njiani. Yalianza na uzito wa kazi ya redio. Mzee wa wajomba, mtu mwembamba mwenye koti la suti lililofifia, aliinua mkono kabla sijafika mbali.

"Siku ile redio ilikuwa nalia muzuri," alisema. "Sisi wote tulikaa, nasikiliza wewe. Ile mukubwa ya daraja, wewe ulisema afanye namna gani?"

Nilimwambia nilisema asimame mbele ya watu, aseme ni yeye.

"Basi simama."

Nikasimama. Nimeongea na maelfu ya watu hewani, na pale uani palikuwa na watu wachache tu na kuku. Nikasema mwanamke huyu alileta tangazo, alinipa mimi mkononi, na akanihimiza juu yenu. Sikulisoma kwa sababu nilikuwa nafurahia kusikilizwa. Umeme haukukatika, hilo nilidanganya, na hakunihonga kitu. Ni mimi.

Mume wa mshonaji alikuwa anatazama ardhi. Mzee akaniuliza kama hayo nitayasema pia kule nilikosemea umeme, maana uani wamesikia wachache, na aibu ya mke wao imesikika mipaka mitatu. Nikakubali. Akataka jambo moja zaidi: nisome lile tangazo kama lilivyoletwa, lote, na wajomba waitwe. Nikasema marehemu ameshazikwa. Akasema anajua, yeye mwenyewe amekanyaga udongo wake.

"Sisi hatukuitwa," alisema. "Mutu anaitwa hata kama amechelewa."

Nililisoma siku iliyofuata, badala ya kufungua simu. Nilialika watu kwenye mazishi yaliyokwisha. Nilitaja ukoo wa wajomba na mahali pao, nikamtaja aliyelileta, nikasema nani hakulisoma na kwa nini, na nani alisema uongo wa umeme. Meneja alikuwa amesimama nyuma ya kioo na fundi mitambo. Hakunikatiza, namsifu kwa hilo. Wajomba niliwataja mara mbili.

Mshonaji alirudishiwa mabegi yake ndani. Mumewe alikuja Arua kunieleza, akashukuru, jambo lililonichoma, maana yeye naye alikuwa na la kusema kikaoni na hakulisema. Lakini mimi ni nani sasa wa kumuuliza. Yeye mwenyewe mshonaji hupita mbele ya redio akienda sokoni, hunisalimia kwa heshima, wala hasimami. Nadhani analala kwenye nyumba ile akijua jinsi ilivyo nyepesi.

Na mheshimiwa wa daraja bado yupo ofisini. Wasikilizaji waliningoja nimrudie, na baada ya muda nikamrudia, kwa sababu daraja bado halipo na watoto bado wanavuka kwa kamba. Kosa langu halikulijenga. Nilianza kwa sauti ya chini. Nikasema bado naamini anapaswa kwenda pale na kukiri. Simu ya kwanza ilitoka Onduparaka, mzee mmoja mpole ambaye hunipigia mara kwa mara, mtu asiye na dhihaka. Akasema kweli, nilisema mheshimiwa asimame akiri, na mimi mwenyewe nimesimama nimekiri, na wamesikia.

"Lakini wewe ulisema pia aache kiti," akasema. "Sasa, Mama, wewe kiti yako?"

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Fundi mitambo alinitazama. Nikasema ahsante kwa kupiga simu, nikaweka wimbo, na kesho yake nikaja kazini.