Risasi ya Chini Kabisa

Gari liliteremka mlima wa mwisho na ziwa likatokea ghafla, pana, rangi ya chuma, na ng'ambo yake milima ya Kongo imefifia kama moshi. Abiria waliokuwa wanafika Karema kwa mara ya kwanza walinyosha shingo madirishani. Emerensiana naye alikuwa mgeni, ingawa miaka yote ya ndoa yake ameitwa mke wa mtu wa Karema. Harusi ilifungwa Mpanda, binti yao Mary alizaliwa Mpanda, na kila msimu mumewe alikuwa porini. Sasa alikuja kumchukua mumewe, Krispini, amrudishe nyumbani kwao Misunkumilo, Mpanda, na hakujua kama atapewa.

"Mama, unashuka misheni au mwaloni kwa wavuvi?" dereva aliuliza.

"Kwa Mama Tereza. Mwenye mwana aliyeumia macho."

"Aah! Yule aliyepofushwa na mkewe?"

"Mkewe ndiye mimi."

Dereva alizima redio. Gari liliposimama alimshushia mfuko wake, akamwita dada, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

Zamani Emerensiana alikuwa na cherehani kwenye kibaraza cha Kashaulili, mjini Mpanda. Kampuni ya uwindaji aliyoifanyia kazi Krispini ilikuwa na kibali cha kujaza upya maganda ya risasi za bunduki zake kubwa, na fundi wake, mzee Elisha, alikuwa anaanza kutetemeka mikono. Krispini akampeleka mkewe. "Huyu anashona upindo wa hariri bila miwani," alijigamba. "Akishindwa, nifukuzeni mimi."

Elisha alimfundisha kwa subira ya mtu aliyekwisha kuona vidole vya wenzake vikikatika.

"Watu wanaogopa baruti, Mama Mary. Iogope, ni halali yako. Lakini anayeanza kazi hii huangushwa na urefu. Kichwa cha risasi kikitokeza mno, kinagusa mtutu kabla ya wakati wake. Kikizama mno ndani ya ganda, nafasi inakuwa finyu, na moto hauna pa kupumulia. Umewahi kupikia sufuria ya presha iliyoziba tundu?"

"Sina sufuria ya presha, mwalimu."

"Basi mshukuru Mungu wako na uchukue hiyo venia."

Kila risasi ilipimwa kwa venia, rula ya chuma yenye taya mbili, toka kitako mpaka ncha. Hata zilizorudi kutoka porini bila kupigwa zilipimwa tena. Bunduki ya nyati hupiga teke kama punda, na kila teke hutupa mbele risasi zinazongoja kwenye magazini, kisanduku cha risasi ndani ya bunduki, ncha zao zikagonga ukuta wake. Kama shingo ya ganda haikubanwa sawasawa, kichwa huzama kidogo, kisha kidogo tena, na jicho haliwezi kuona. Iliyofupika haipigwi wala haivutwi kwa koleo irudi urefu wake. Huwekwa kando ibomolewe.

Risasi ya kwanza aliyoitengeneza Emerensiana aliipaka tone la rangi nyekundu ya kucha, alama ya mwanafunzi. Urefu ulikuwa sawa. Elisha aliizungusha mkononi, akatikisa kichwa. "Shingo haijashika. Hii ya kubomoa." Kesho yake haikuwepo mezani. Emerensiana alidhani mzee ameibomoa. Mzee alidhani mwanafunzi ameibomoa mwenyewe. Hakuna aliyeuliza.

Wawindaji wa kambi ya kampuni ile walikuwa na desturi yao. Risasi ya chini kabisa kwenye magazini haipigwi mpaka siku ya kufa na kupona. Waliiita ya kurudia nyumbani. Watu wa kila nchi wana kitu cha namna hiyo: mabaharia wa kaskazini huweka sarafu chini ya mlingoti, wakulima huacha suke moja bila kulivuna. Krispini alichagua yake, na fundi alipodai risasi zote zirudi kupimwa, ile aliificha mfukoni mwa shati. Msimu mzima ililala chini ya nyingine, ikipokea teke la kila mlio.

Mwishoni mwa msimu nyati aliyejeruhiwa alitoka kichakani. Krispini alizipiga za juu zote, akabaki na ile. Bunduki ilipasuka nyuma, moto na vipande vya shaba vikarudi usoni mwake. Mwenzake ndiye aliyemwangusha nyati. Elisha alikwenda porini kuchunguza, akaokota vipande vya ganda majanini, na kwenye kimoja palikuwa na tone jekundu. Aliporudi alimpa Emerensiana akitazame, kisha akageuka akalia kama mtoto.

Krispini alitibiwa, akatoka hospitali akiwa haoni. Ndugu zake walimchukua moja kwa moja mpaka Karema.

Emerensiana alimkuta ameketi uani, karibu na wavu uliotandazwa dagaa. Krispini alizitambua nyayo za mkewe kabla hajasalimia.

"Mama Mary. Umenenepa, unakanyaga kama askari wa magereza."

"Na wewe unanuka dagaa."

Alicheka, na kicheko kilikuwa kilekile. Emerensiana aliketi chini, akamshika mkono. Mama Tereza alikuwa amekwenda ziwani kuchota maji; walikuwa peke yao.

"Baba Mary, niliona rangi."

Krispini aligusa mfuko wa shati lake. "Ilikuwa kazi ya kwanza ya mikono yako," alisema. "Nilisema, nikifa porini, nife na kitu chako. Nikipona, nikurudishie nikutanie."

"Ungeniambia, ningekutengenezea nyingine. Nzima."

"Nyingine isingekuwa ya kwanza."

Emerensiana hakuweza kumkasirikia. Angetaka sana, maana hasira ingekuwa nyepesi kuibeba.

"Twende nyumbani. Mary anakuuliza kila asubuhi."

"Ongea na mama kwanza," alisema, akauvuta mkono wake taratibu.

Mama Tereza alirudi na wanawe wengine, Kassiani na Salvatori, wavuvi. Emerensiana alipiga magoti. "Shikamoo, mama."

Mama Tereza aliitikia marahaba bila kumtazama. Alitua ndoo, akajifuta uso kwa ncha ya khanga.

"Mkamwana, mimi si mtu wa makelele. Nilikupa mwanangu ana macho mawili. Mikono yako imeyatoa. Sasa unataka nikupe kilichobaki?"

"Kazi ya bunduki ni ya mwanamke tangu lini?" alisema Kassiani. "Shemeji, si ungeshona magauni tu?"

Maneno yalikuwa mdomoni mwa Emerensiana tayari: risasi ile ilikuwa ya kubomoa. Aliichukua mwenyewe, akaificha mfukoni, sheria ya kambi aliijua kuliko mimi. Lakini katika ua ule Krispini alikuwa mtoto aliyeonewa, analishwa kwa upole, anaongozwa kwa mkono. Mkewe akiyasema, Krispini atakuwa mpumbavu aliyejipofusha, na atabaki hivyo kwenye midomo ya mwalo mzima, hata ng'ambo ya ziwa. Yale hayakuwa ya mke kuyasema. Yalikuwa ya mume mwenyewe.

Akamtazama mumewe. Akangoja.

Krispini alikuwa ameinamisha uso kwenye dagaa. Vidole vyake vilikuwa vinatenganisha samaki walioshikana, mmoja mmoja. Kila mtu uani alinyamaza, kwa hiyo alijua anangojwa.

"Mama," alisema hatimaye, "mwacheni aende tu. Nyie msimgombeze. Hakukusudia."

Hakukusudia. Emerensiana alilisikia neno lile likimpa msamaha wa kosa lisilo lake, na likalifunga jambo. Aliinuka, akakung'uta vumbi magotini.

"Mwanenu anapenda ugali wa muhogo," alimwambia mkwewe. "Ila uwe mgumu. Ulio laini haugusi."

"Namjua mwanangu," alisema Mama Tereza, lakini sauti yake ilikuwa imeshuka.

Gari la kurudi Mpanda lilikuwa linapakia magunia ya samaki, migebuka iliyokaushwa. Emerensiana alipanda, akaketi upande usioelekea ziwa. Hakupunga. Gari liliunguruma, likapita kanisa la matofali, likapanda mlima, na vumbi likakaa hewani muda mrefu.

Uani, Krispini aliuliza, "Limeshaondoka?"

"Limeondoka," alisema Salvatori.

"Alikaa dirishani, upande wa huku?"

Kaka yake hakuwa ameangalia. Alisema ndiyo.