Bidon ya kilasi yetu ilifika kwa mama Furaha

Leo nimepigisha watoto makofi, na sijui kwa nini.

Kila asubuhi kilasi yangu hapa Uvira ilitia franka mia mia ndani ya bidon, kale kadumu ka plastiki, wajifunze kusaidia watu waliokimbia vita kule Sange.

Leo tukawapelekea, kwenye ukumbi wa kanisa wanamolala.
Furaha, mumoja wa wanafunzi wangu, akaomba abebe bidon. "Mwalimu, minye niko najua njia."

Mama mumoja akatoka kupokea.
Alikuwa mama yake Furaha.
(Hatukujua kama nao wanalala pale. Hakutuambia.)

Mama akaangalia zile noti ndani ya bidon. "Furaha, ndiyo pesa yako ya mukate?"
"Mwalimu alisema kila mutoto atoe, mama."

Kilasi yote ikaniangalia.
Ndipo nikaanza makofi. Wakanifuata.

Nimerudi nyumbani. Sisikii kitu moyoni.
Mungekuwa minye, mungefanya nini?