Sauti Niliyoituma Kigoma

Jumanne ile aliyekosekana darasani alikuwa mmoja tu, nami nilijua kwa nini kabla sijaambiwa. Au labda sikujua. Nina tabia ya kukumbuka mambo kwa namna inayonipa akili nisiyokuwa nayo, kwa hiyo niseme tu nilichokiona: nafasi yake kwenye benchi ilikuwa wazi.

Mimi ni mwalimu wa kusoma na kuandika. Kanisa letu la Kigoma lilinituma hapa Likasi, kusini mwa Kongo, huu ni mwaka wa pili, kufundisha akina mama katika chumba kilicho nyuma ya kanisa la wenyeji wetu. Shule yangu mwenyewe si kubwa. Nilimaliza darasa la saba, nikakaa nyumbani miaka mingi, kisha nikasoma chuo kidogo cha Biblia. Kila nikishika chaki naogopa kwamba mtu atasimama aulize huyu naye katoka wapi. Hajasimama mtu bado.

Darasa ni Jumanne na Alhamisi, mchana. Wengi wa wanafunzi ni wake za wanaume wanaopasua mawe ya chokaa Kakontwe, na huja na vumbi jeupe kwenye mikunjo ya vitenge kwa kuwa wamepitia huko kupeleka bukari, ugali wa huku. Mmoja tu ni Mwislamu. Yeye amezaliwa hapahapa, lakini mume wake ni mtu wa Uvira, anauza vipuri vya baiskeli karibu na soko. Siku ya kwanza alisema mbele ya wote anachotaka: kusoma mwenyewe ujumbe wa binti yake aliyeolewa Kolwezi. Mpaka hapo aliyekuwa akimsomea simu ni wifi yake.

"Anasoma na anaongeza chumvi," alisema. "Binti anaandika iko na mafua, wifi ananisomea bwana yake alimuchoka."

Darasa zima lilicheka. Hakuzungumzia dini, nami sikumuuliza.

Sasa nifike kwenye lile jambo. Kila baada ya miezi mitatu natakiwa kutuma habari nyumbani, ili kanisa lijue liombee nini. Wamisionari wa zamani waliandika barua. Sisi tunarekodi sauti kwenye simu, inachezwa Jumapili kwa spika, halafu inatumwa kwenye kundi la waumini. Sitaki kuwasingizia watu wa nyumbani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia nilete waongofu. Ila kabla ya sauti yangu huchezwa ya ndugu mmoja aliyeko Msumbiji, na kwake kila mara kuna watu wamebatizwa. Mimi nilikuwa na nini? Mvua imeingia chumbani. Umeme wa bwawa la Mwadingusha umekatika katikati ya somo. Mama mmoja amefika kwenye herufi M.

Alhamisi moja, wiki hiyohiyo ya kutuma habari, yule mama aliweka kidole kwenye kitabu chetu cha kusomea. Ukurasa ule una picha ya mtu amepiga magoti, anamwosha mwenzake miguu.

"Mwalimu, huyu muntu ni nani? Na juu ya nini anaosha bantu bakubwa miguu?"

Nilikuwa nimemshika mwingine mkono, namwonyesha namna ya kushika kalamu. Nikamwambia, "Tutaongea, mama." Kisha mvua ikaanguka juu ya mabati, hatukusikilizana tena, kila mtu akakimbilia kwake.

Jioni nikarekodi. Nilisema: "Kuna mama mmoja Mwislamu, mke wa mwenye duka la vipuri karibu na soko, ameanza kuuliza habari za Yesu. Yuko mlangoni. Mwombeeni aingie." Nikaisikiliza mara mbili, nikaituma.

Sikusema uongo. Aliuliza, na yule wa kwenye picha ni Yesu. Lakini nilijua watu wa nyumbani wataona nini vichwani mwao wakisikia maneno yale, na nilitaka waone hivyo.

Juma lililofuata alikuja siku zote mbili. Juma la pili, Jumanne, hakuja.

Aliyeniambia ni mwanafunzi mwingine, mama mmoja ambaye babu yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, mtu asiyeweza kukaa na neno tumboni. Alibaki baada ya somo akijifanya anafuta ubao.

"Ba madamu," alisema, "sauti yenu inatembea kupita shiye bote. Ilifika Kigoma, ikarudia huku, na tikiti haikulipa."

"Sauti gani, mama?"

"Aa, madamu! Ile munasema mama wa vipuri iko ku mulango. Shemeji ya bwana yake iko Kigoma, balimutumia. Sasa ku soko bote banauliza: mulango gani?" Alicheka, kisha akaniangalia usoni akaacha. "Mama ya bwana yake, kule Uvira, alipiga simu. Alisema kama bibi anabatizwa, arudie kwabo."

Yaani mama mkwe amesema mke arudishwe kwao. Nilikaa kwenye benchi. Nilijua yule mama bado ana watoto watatu nyumbani, na katika kichwa changu alikuwa tayari amefunga mizigo.

Nilikwenda kwa mchungaji wa hapa. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikaripia.

"Dada, wacha tu. Bantu bataongea wiki mbili, kisha batapata ingine. Ukienda ku duka, batasema kanisa nzima ilienda."

Nisimwonee. Ameishi mji huu kuliko mimi, ameona majirani wakivunjika kwa sababu ndogo zaidi ya hii, na yule mwenye duka husalimiana naye kila asubuhi. Huenda shauri lake lilikuwa jema. Lakini yeye alikuwa akifikiria amani ya kanisa, na mimi nilitaka kusema nilikuwa nikimfikiria yule mama. Si kweli kabisa. Nilikuwa nikifikiria pia kwamba nikisahihisha, Kigoma watajua nilitia chumvi, na wataanza kupima kila nilichowahi kuwaambia. Jumatano nzima nilijaribu kuomba. Kila nikifumba macho, nilijikuta napanga maneno kama mtu anayerekodi. Nikaacha.

Alhamisi asubuhi nilitembea mpaka dukani. Mwenye duka alikuwa anafunga mnyororo kwenye baiskeli ya mteja, na wateja wawili wamesimama.

"Karibu, mwalimu," alisema. Kiswahili chake kinafanana na changu. "Umekuja kununua baiskeli au umekuja kutununua sisi?"

Wateja walicheka. Yeye hakucheka. Alimaliza kukaza mnyororo, akawaambia warudi baadaye, na mpaka leo namshukuru kwa hilo, kwa sababu angeweza kuwaacha wabaki.

"Baba," nilisema, "nimekuja kusema nilikosa. Mke wako hakuomba ubatizo. Aliuliza swali moja kuhusu picha. Mengine niliyaweka mimi."

"Kwa nini?"

"Nilitaka watu wa nyumbani wafurahi."

Alipangusa mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Mimi nikiuza tairi kuukuu nikasema ni jipya, watu watanivunjia duka hili. Sikiliza, mwalimu. Mama yangu alikataa mke wangu asije kwenye chumba chenu. Mimi ndiye niliyemwambia, yule ni mwaminifu, anafundisha kusoma tu. Sasa kwa mama yangu mwongo ni mimi."

Kuna pazia nyuma ya kaunta. Mke wake alitoka hapo. Sikujua alikuwemo. Hakunisalimia.

"Mwalimu, nilikuuliza minye. Haukunijibu."

"Mama, mvua ilikuwa..."

"Mvua iliisha. Nilikuya Jumanne, nilikuya Alhamisi. Haukusema kintu. Bantu ya Kigoma banajua niliuliza, na minye mwenye kuuliza, bado sijui."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira ya mtu aliyevishwa dini isiyo yake, na hasira hiyo ilikuwepo, ilikuwa kwenye shingo yake na kwenye mikono. Lakini kwa hili sikuwa nimejiandaa. Niliacha mama yangu mgonjwa, nikavuka ziwa, nikakaa barabarani siku nyingi, ili siku moja mtu aniulize swali kama lile. Liliulizwa. Nikalipeleka kwa wengine.

"Rekodi nyingine," alisema mume. "Hapahapa. Kwa watu walewale."

Nikaweka simu juu ya kaunta, kati ya boksi la pedeli na kikombe chake cha chai. Nilieleza kwamba mama yule ni mwanafunzi wangu wa kusoma, na huenda nilizidisha niliposema yuko mlangoni.

"Ondoa huenda," alisema.

Nikaanza upya. Nilipofika kwenye neno mlangoni, mke wake akanikata.

"Hapana kusema niko ku mulango, wala ku dirisha. Sema niko mwanafunzi, alafu nyamaza."

Nikarekodi mara ya tatu. Nikasema niko dukani kwa mwenye vipuri, mbele yake na mke wake, kwamba yeye ni mwanafunzi wangu na hakuomba ubatizo, kwamba nilisema zaidi ya nilichokijua, na kwamba ninaomba radhi kwao na kwa kanisa. Nikanyamaza. Nikaituma Kigoma. Mume akaichukua akaituma Uvira.

Akanisogezea kigoda. Tulingoja, na yule mama akawa anapanga kengele za baiskeli zilizokuwa tayari zimepangwa. Sijui tulikaa muda gani. Sauti ya mama mkwe ilipokuja, mume aliifungulia kwa nguvu ili sote tusikie. Alisema amesikia. Alisema mke abaki nyumbani kwake. Alisema lakini asikanyage tena kwenye chumba kile, na huyo mwalimu Mungu amsamehe.

Yule mama aliziacha kengele. Kisha, kabla mume wake hajazima simu, akasema, "Basi, akuye hapa."

"Nani?"

"Mwalimu. Nilifika ku M. Nitabakia ku M?"

Mume alimtazama, akanigeukia. "Herufi tu. Kile kitabu cha picha kibaki kanisani."

Nikakubali kabla ya kumuuliza mtu yeyote, wala mchungaji, wala Kigoma. Halafu woga ukanishika nikauliza, "Na akiniuliza swali?"

"Akikuuliza yeye, mjibu yeye. Mbele yangu. Usiende kumjibu Kigoma."

Jumapili mzee wa kanisa alinipigia kutoka nyumbani. Sauti yake haikuwa kali, ingekuwa nafuu kama ingekuwa kali. "Binti yangu, tulifunga siku tatu kwa ajili ya yule mama. Kuna wazee walifunga wakiwa na vidonda vya tumbo. Tuwaambie nini?"

"Waambie nilikosa, mzee."

"Na sasa unakwenda kufanya nini katika nyumba hiyo, kama hutalitaja Neno?"

"Nitafundisha kusoma."

Mzee akasema baraza litakaa, watanijulisha kama nibaki au nirudi.

Hawajanijulisha. Jumatatu na Ijumaa nakwenda dukani na ubao mdogo na chaki, tunakaa nyuma ya pazia, wifi yake akitulinda mlangoni na kusonya nikikohoa tu. Tumepita M, tumepita N, sasa anaunganisha silabi, anaharakisha, anakosea, ananitazama kana kwamba nimemdanganya tena. Mume husikiliza akiwa kwenye kaunta. Nimetayarisha jibu la swali lile la picha mara nyingi, fupi, lisilo na kitu nilichoongeza, na kila siku nikiingia pale najiambia leo ataliuliza. Hajauliza tena, na sijui kama ni kwa sababu hataki, au ni kwa sababu ananingoja mimi.